Afande wa Kuchekesha
Inspekta Mwala wa Citizen TV ndiye aliyetuzoesha kumcheka afande. Ndiyo maana tulipotazama The Guard, filamu ya 2011, hapa Kona Baridi, Sajini Boyle wa Ireland hakuwa mgeni: mdomo mchafu, raha zake kwanza. Ubishi ukazuka: ni mjinga ama anajifanya? Mimi nasema anajifanya. Alipokataa hongo ya majambazi, jamaa wa bodaboda akaguna, "Hapo sasa wametunga."

Sikumlaumu. Josephat Mwenda naye alikuwa wa bodaboda. Alipigwa risasi na polisi, akalalamika IPOA. Juni 2016 alitekwa akitoka mahakama ya Mavoko na wakili wake, Willie Kimani, pamoja na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Wote wakauawa. Polisi watatu na mdokezi wao walitiwa hatiani 2022.