Njia ya Mbinguni katika Pwani ya Tanga

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilichopo kati ya Tanga na Pangani, katika Wilaya ya Muheza. Mbele yake ni bahari, na nyuma yake ni mashamba ya mkonge. Wenyeji wa pwani hii wamekuwa Waislamu kwa karne nyingi, na Wakristo wanaoishi kandokando yao ni wachache. Hata hivyo, Wakristo wa ukanda huu wakiulizwa mtu anafikaje mbinguni, majibu yao hayafanani. Mwanglikana wa makamo ataanza na ubatizo wake na Ekaristi. Mlutheri atasema kwamba mwenye dhambi anahesabiwa haki kwa imani, kwa neema tupu. Mlokole atataja siku aliyookoka, pengine na saa yake.

Anayewasikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba hizo ni dini tatu. Dini ni moja, na wote wanamtaja Mwokozi mmoja. Tofauti zao zimetokana na historia, kwa kuwa kila jibu lilifika kwa wakati wake na likakutana na hitaji la wakati huo. Kwa hiyo tufuate mfuatano wa miaka.

Wakristo wa kwanza waliojulikana pwani hii walikuwa Wareno. Kaskazini ya Kigombe yako magofu ya Tongoni, mji ambao zamani uliitwa Mtangata. Karibu na hapo, mwezi Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Baada ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, mapadre wa shirika la Mtakatifu Augustino walihubiri chini ya ulinzi wake. Kazi yao ilipata pigo kubwa mwaka 1631, pale Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa Goa kwa jina la Jerónimo, alipourudia Uislamu na kuwaua Wareno wa Mombasa pamoja na Wakristo wenyeji.

Kwa nini mbegu ile haikuota? Sababu moja ni kwamba imani ilikuja na mizinga na madai ya kodi, na watu hawakuweza kuitenganisha na utawala. Nyingine ni kwamba watu wa pwani walikuwa tayari na dini kamili, yenye kitabu, sala na fundisho la siku ya hukumu na Pepo. Sababu zote mbili zina nguvu, lakini ya pili ndiyo inayoeleza zaidi yaliyofuata. Wareno walikwisha kuondoka, na bado wamisionari waliokuja baadaye waliipita pwani wakaelekea bara.

Ndivyo alivyofanya Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache akamzika mke wake na mtoto wao mchanga. Krapf alilelewa katika uamsho wa Walutheri wa kusini mwa Ujerumani, uliosisitiza kwamba mtu hana budi kugeuzwa moyoni na asitosheke kuhesabiwa katika kanisa. Mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alisafiri hadi Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Kimweri alimpokea vizuri na kuonyesha kwamba angekubali walimu, lakini Krapf hakupata watu wa kuianza kazi hiyo.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na kifo chake kilibadili hali ya nchi. Wanawe na wajukuu walipigania kiti, bunduki zikaongezeka, na vita ikawa njia ya kupata mateka wa kuuza pwani. Wabondei, waliokuwa chini ya machifu wa Kikilindi, yaani wa ukoo wa Kimweri, waliasi mwishoni mwa miaka ya 1860. Vilima vilivyopo kati ya Usambara na bahari vikawa mahali pa hofu, kwa sababu mtu aliweza kulala huru na kuamka akiwa bidhaa.

Wakati huohuo misheni nyingine ilikuwa ikitafuta mahali pa kuanzia upya. UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ilikuwa imezaliwa kutokana na wito wa David Livingstone wa mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza karibu na mto Shire liliishia katika vifo, na mwaka 1864 Askofu Tozer akahamishia makao Unguja. Huko Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Kutoka Unguja, Charles Alington alitumwa kwenda Usambara mwaka 1867, na mwaka uliofuata kituo kikaanzishwa Magila, karibu na Muheza ya leo. Kilisuasua kwa miaka kadhaa, hadi Padre Farler alipofika mwaka 1875 na kukipa uhai.

Ni muhimu kueleza UMCA ilifundisha nini kuhusu wokovu, kwa maana mafundisho yake yaliweka msingi wa Ukristo wa Bonde, nchi ya Wabondei. Mapadre wake walikuwa Waanglikana wa mwelekeo wa Kikatoliki. Kwao Kristo amekwisha kuukomboa ulimwengu kwa kifo chake, na neema ya ukombozi huo inamfikia mtu kupitia Kanisa na sakramenti zake. Ubatizo humzaa upya, kipaimara humwimarisha, Ekaristi humlisha, na anapoanguka katika dhambi huungama mbele ya padre na kusamehewa. Hata kaburi halikatizi uhusiano huo, kwa kuwa walio hai huwaombea marehemu. Wokovu, kwa mtazamo huu, ni safari ya maisha yote ndani ya jumuiya. Ndiyo maana wakatekumeni walifundishwa kwa muda mrefu kabla ya kubatizwa, na Mkristo aliyefanya kosa kubwa alitengwa kwa muda, kisha akapokewa tena mbele ya wote.

Wabondei walilipokea fundisho hili kwa sababu gani? Baadhi ya wanahistoria wanaonyesha kwamba Magila ilikuwa kimbilio: palikuwa na ulinzi, dawa na shule, na mzungu aliyeweza kuandikiana na balozi wa Uingereza huko Unguja. Wengine wanasema kwamba watu walivutwa na ujumbe wenyewe, hasa habari ya Mungu aliyetoa uhai wake kuwakomboa watumwa wa dhambi. Sioni haja ya kuchagua moja na kuikataa nyingine. Ni kweli kwamba hofu iliwaleta wengi hadi mlangoni, lakini haitoshi kueleza kwa nini walibaki baada ya amani kurudi, wala kwa nini watoto wao wakawa walimu na mapadre. Kwa watu walioona ndugu zao wakiuzwa, habari ya kukombolewa ilikuwa jambo la maisha yao. Wokovu wa mwili na wa roho ulifika kwao kwa pamoja, nao wakaupokea kwa pamoja.

Jibu la pili lilikuja na utawala wa Kijerumani. Baada ya vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani kuzimwa, naye kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kazi Tanga na kupanda milimani. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianzisha kituo cha Mlalo, Usambara. Walutheri hawa walibatiza na kushiriki Meza ya Bwana kama wenzao wa Magila, ila mkazo wao ulikuwa ule wa Martin Luther wa tangu mwaka 1517: mwanadamu hawezi kujipatia haki mbele za Mungu kwa matendo, na anaipokea kama zawadi, kwa imani. Kwa sababu hiyo hawakufundisha toharani, wala hawakuwa na misa za kuwaombea wafu. Basi katika eneo ambalo mtu angeweza kulivuka kwa miguu kwa siku chache, kijana wa Bonde na kijana wa Mlalo walijifunza habari ya Yesu yuleyule kwa mpangilio tofauti.

Tofauti za namna hii zilizua mgogoro mkubwa mwaka 1913. Mwezi Juni mwaka huo, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakapendekeza ushirikiano wa makanisa yao, na mwishoni wakashiriki Komunyo pamoja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilijumuisha Magila na Tanga, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, walioshiriki mkutano huo, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Wapo waliomwona kuwa mgumu anayetetea taratibu za ibada. Lakini kwake suala lilikuwa la uzima wa milele. Ikiwa neema inapita katika sakramenti, na sakramenti zinalindwa na maaskofu waliopokea mamlaka kutoka kwa mitume, basi kulegeza mpangilio huo ni kumweka muumini mashakani. Weston alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo kanisa lake huwaombea marehemu wote.

Wakati viongozi wakibishana, uchumi ulikuwa ukiwachanganya waumini. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika nchi hii, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Mashamba yalienea kutoka Pangani hadi Korogwe na kuifikia Kigombe, na vibarua walioitwa manamba wakaletwa kutoka mikoa ya mbali. Wengi wao hawakuwa Wakristo, na waliokuwa Wakristo walitoka katika misheni mbalimbali. Hivyo Ukristo uliufikia ukanda huu wa pwani kutokea bara, na katika kambi za mkonge watu waliofundishwa njia tofauti za kuieleza mbingu wakawa majirani.

Jibu la tatu lilianzia mbali zaidi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulilipuka Gahini na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukiwafikia hata Walutheri wa Bukoba. Walokole walisema kwamba kubatizwa na kwenda kanisani havitoshi: kila mtu lazima aione dhambi yake, aitubu hadharani, aoshwe kwa damu ya Yesu na kutoa ushuhuda.

Kwa nini uamsho ulizuka wakati ule? Wapo wanaoutazama kama lawama dhidi ya kanisa lililokuwa desturi, ambamo ubatizo ulitafutwa kwa ajili ya shule na jina. Wapo wanaoona humo kiu ya usawa, maana katika ushirika wa walokole mzungu na Mwafrika walipiga magoti na kuungama pamoja. Naona maelezo haya yanakamilishana. Yanasaidia pia kufahamu kwa nini wenye malezi ya UMCA walisita. Walikuwa na maungamo tayari, ya siri mbele ya padre, na kuanika dhambi mbele ya mkutano kulikuwa kigeni kwao.

Kizuizi hicho hakikudumu. Mmoja wa watu waliokivuka ni Edmund John, Mwanglikana mlei na mdogo wake John Sepeku, aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa Anglikana Tanzania kuanzia mwaka 1970. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, hadi kifo chake mwaka 1975, Edmund John aliendesha huduma ya maombi na uponyaji iliyovuta umati wa watu Dar es Salaam na kwingineko. Aliwahimiza watubu, waachane na hirizi na uganga, na wamtegemee Yesu peke yake. Baadaye Wapentekoste walichukua nafasi kubwa. Moses Kulola, aliyeanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991, alihubiri viwanjani nchi nzima, na mikutano ya injili yenye sala ya toba, ubatizo wa maji mengi na kunena kwa lugha ikawa jambo la kawaida mjini na vijijini.

Wakati majibu yakiongezeka, makanisa ya zamani yalianza kusogeleana, na hata kuwatazama upya majirani wa dini nyingine. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa Kanisa Katoliki ulifundisha kwamba mpango wa wokovu wa Mungu unawahusu pia Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Kwa Mkatoliki anayeishi katika pwani ya Waislamu, fundisho hilo linamgusa jirani aliye mlango wa pili. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika Kristo, kabla ya stahili yake yoyote, na kwamba neema hiyo humwita kutenda mema.

Historia hii inatusaidia kuona ubishani wa leo unahusu nini hasa. Pande zote zinakubali kwamba anayeokoa ni Mungu, na kila upande unasoma Waraka kwa Waefeso, unaosisitiza neema, na Waraka wa Yakobo, unaosisitiza matendo, katika Biblia ileile. Wanachotofautiana ni namna na wakati wa kuupokea wokovu. Magila ilijenga nyumba kwa watu waliotawanywa na utumwa, na kwa hiyo ilisisitiza jumuiya na safari ya maisha yote. Walutheri walirithi vita dhidi ya kununua mbingu kwa matendo, na kwa hiyo walisisitiza zawadi. Uamsho uliwakuta waliobatizwa wakiwa wamepoa, na kwa hiyo ulisisitiza siku ya uamuzi.

Hatari huanza pale mkazo mmoja unapotumiwa kuwahukumu wengine: mlokole anapomwambia bibi aliyesali miaka hamsini kwamba hajaokoka, au muumini wa zamani anapoyadharau machozi ya toba ya kijana. Anayejua jinsi kila jibu lilivyofika atakuwa mwepesi wa kusikiliza. Tena atatambua kwamba kila mkazo unahitaji kurekebishwa na mwingine, kwa maana jumuiya isiyo na toba hupoa, toba isiyo na jumuiya haidumu, na zote mbili zisipoegemea neema hugeuka kuwa mzigo juu ya mabega ya watu.