Wanga, Pasi na Heshima: Mavazi ya Beni katika Miji ya Migodi ya Katanga

Makala haya yanachunguza kipengele cha ngoma ya beni kinachopuuzwa kwa urahisi, yaani kazi ya kushona, kutia wanga na kupiga pasi mavazi yake. Hoja yetu ni kwamba kola iliyokakamaa haikuwa dalili ya kuwaiga Wazungu tu, bali pia ushahidi wa ujuzi wa mikono iliyoitengeneza.

Beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, mnamo miaka ya 1890. Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) iliieneza bara kupitia askari na wapagazi. Huko Katanga ilikuta kambi za wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Likasi, iliyoitwa Jadotville tangu 1931 hadi 1966, ulikuwa mmoja wa miji hiyo ya shaba iliyokusanya watu wa makabila mengi na kuwaunganisha kwa Kiswahili. Vyama vya beni vilikuwa na mfalme, jenerali na daktari wao, na cheo cha kila mmoja kilitambulika kwa vazi.

Vazi hilo lilidai kazi kubwa. Ili kupata wanga, muhogo hukunwa na kukamuliwa majini. Maji meupe huachwa yatulie, wanga ukazama chini. Huo hukorogwa kwanza kwa maji baridi usifanye mabonge, kisha humiminiwa maji ya moto hadi ung'ae. Nguo huchovywa, huanikwa, hunyunyiziwa maji, ndipo hupigwa pasi ya makaa. Wanga mwepesi hauisimamishi kola. Mzito huacha magamba. Na cheche moja ya mkaa huharibu kazi ya siku nzima. Watu wa pwani wana maneno yao ya kazi hii: dondo, kanji na dobi.

Ulaya nayo ilijifunza kazi hii kwa wageni. Mwaka 1564 Dinghen van der Plasse, mwanamke kutoka Flanders, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, alihamia London akawa akiwafundisha Waingereza, kwa malipo, jinsi ya kutia wanga kola kubwa za marinda zilizozunguka shingo. Wanafunzi wake hawakuitwa watumwa wa mitindo ya kigeni. Kwa nini basi mchezaji wa beni aitwe hivyo?

Katika nyumba za wakoloni, kazi ya kufua na kupiga pasi ilifanywa na boyi. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, inasimuliwa kwa mtazamo wa watumishi hao. Ujuzi uliomtumikia bwana uliweza pia kumpamba mtumishi siku ya ngoma. J. Clyde Mitchell, aliyeitazama kalela huko Luanshya mwaka 1951, aliona wachezaji waliovaa suruali zilizonyooka kwa pasi, na "muuguzi" akipita na kioo ili kila mmoja ajihakikishie unadhifu wake.

Kwa hiyo, wanaoigiza historia ya miji hii jukwaani wasiishie kumvika mfalme wa beni. Wamwonyeshe na dobi akipuliza makaa, kwa kuwa heshima ya mfalme ilianzia katika karai lake.