Chuo cha Ushirika Moshi na Mizani ya Wakulima wa Kusini

Makala haya yanakusudia kuangalia historia ya chuo kimoja cha nchi yetu kilichokabidhiwa kazi ya kuwafundisha viongozi wa biashara ya watu wengi, yaani Chuo cha Ushirika Moshi. Tunakitazama kutoka mbali, kutoka Matambarale, wilayani Ruangwa, jirani na Nachingwea. Tunafanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa thamani ya chuo cha namna hii haionekani darasani. Huonekana pale mkulima anapopandisha gunia la korosho au ufuta juu ya mizani ya chama, karani akasoma uzito, akaandika stakabadhi, na mkulima akarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha. Wasomaji wetu hawana haja ya kukumbushwa jinsi nabii Amosi alivyowakemea wenye mizani ya udanganyifu.

Watu wa sehemu hizo walikwisha kuona biashara kubwa ikiongozwa na watu wasiowajibika kwao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na Kati. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikuu pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango huo ulitumia takriban pauni milioni 36 ukaachwa Januari 1951. Hata reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Waliouongoza hawakukosa elimu. Walichokosa ni mtu wa mahali pale mwenye haki ya kuwauliza hesabu.

Ushirika ulikuwa na nia ya kumpa mkulima haki hiyo. Sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1932, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa mwaka 1933. Baada ya uhuru vyama viliongezeka upesi mno kuliko watu wa kuvitunzia vitabu, na kwa sababu hiyo Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha makatibu, mameneja na wakaguzi. Mwaka uliofuata kikaongezwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichowafikia wanachama kwa masomo ya posta, redio na vikundi vya kujisomea, kwa msaada wa nchi za Skandinavia. Sisi tunaona kwamba kituo hiki, ambacho hutajwa kidogo tu, ndicho kilichobeba nusu iliyo nzito ya kazi.

Tunasema hivyo kwa sababu ya yale yaliyobainika mwaka 1966, wakati tume ya Rais ilipochunguza vyama vya ushirika. Tume iliona uhaba wa watumishi wenye ujuzi, upendeleo wa ndugu katika ajira, na udanganyifu. Lakini iliona pia kwamba wanachama hawakujua chama ni mali yao, wala hawakujua waulize nini. Ukimfundisha karani kuandika hesabu bila kumfundisha mwanachama kuisoma, umemwongezea karani uwezo peke yake. Uaminifu wake unabaki kuwa hisani anayoweza kuiondoa siku yoyote.

Serikali ilichagua dawa nyingine. Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, vijiji vikapewa kazi ya ushirika, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali. Kwa korosho matokeo yalikuwa mazito: kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74, mazao yalishuka hadi tani zipatazo 16,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiri unga. Hata hivyo hatuwezi kuisahau moja: kwa miaka kadhaa mkulima hakuwa na mkutano ambamo angemhoji mnunuzi wake. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama vikuu, lakini mazoea ya kuhoji hayarudishwi kwa sheria.

Mwaka 2004 Chuo kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kikifundisha ushirika na biashara, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Hadhi ilipanda. Katika kipindi hicho hicho, kuanzia mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia katika korosho ya kusini. Mkulima alipokea malipo ya kwanza, mazao yakauzwa kwa mnada, kisha akangoja malipo ya pili baada ya makato. Aprili 2013, wilayani Liwale, malipo hayo yalipokuja pungufu kuliko wakulima walivyotarajia, ghasia zilizuka na nyumba za baadhi ya viongozi zikachomwa moto. Hatuhalalishi moto huo. Lakini mtu aliyezoea kusomewa orodha ya makato kwenye mkutano na kujibiwa maswali yake ana njia nyingine ya kudai.

Leo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama chao kikuu, RUNALI. Bodi za vyama vya msingi huchaguliwa na wakulima wenyewe kutoka miongoni mwao, na wengi wa wajumbe hao hawatakanyaga Moshi kamwe. Wachungaji watakaopangiwa huko watakuta wilaya ambazo wengi ni Waislamu, na kwenye mkutano mkuu wa chama mzee wa kanisa na imamu huketi kwenye benchi moja wakisikiliza taarifa ya mapato na matumizi. Tungependa wanafunzi wetu wajifunze kuisoma taarifa hiyo kabla hawajamaliza masomo, ili mwanachama akiwaletea karatasi yake jioni na kuuliza fedha zake zimekwenda wapi, waweze kuketi naye na kuipitia mstari kwa mstari.