Kesho ya Fundi, Saa ya Msusi

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Sawa dada, njoo saa 3." Nikafika saa tisa alasiri, nywele nimeshaosha, rasta zangu kwa mfuko, nikijiona mteja mwenye adabu kwa sababu sikuchelewa hata dakika moja. Msusi wangu alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, mikono mapajani. Hakunipigia kelele.

"Dada, mimi nimekungoja tangu asubuhi," akasema. "Nimekupigia, simu imezimwa. Kuna mama alikuja hapa saa nne, nikamwambia nina mtu."

Stima zilikuwa zimepotea kwetu tangu usiku, simu haikuwa na chaji. Na yeye alimaanisha saa tatu asubuhi. Mimi, kwa mazoea ya kalenda ya ofisi, niliisoma ile 3 kwa Kiingereza. Kosa lilikuwa la wawili, lakini hasara ilikuwa ya mmoja. Mimi nilipoteza nauli. Yeye alipoteza siku, maanake kichwa kimoja cha rasta ndogo ni kazi ya kutwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiufikiria mchana ule. Ukiitazama historia ya miadi kati ya mafundi wetu na wateja wao, utaona vyombo vimebadilika mara nyingi. Swali halijabadilika: mmoja asipofika, nani anabeba hasara?

Neno lenyewe, miadi, limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kuahidi. Zamani ahadi haikuhitaji tarakimu. Mombasa na Lamu, mtu aliambiwa aje baada ya alasiri au baada ya isha, na adhana ikawa saa ya mji mzima. Kwa Wakikuyu, soko lilizunguka kwa hesabu ya siku nne, na kusema "tukutane soko lijalo" kulitosha. Saa za Kiswahili nazo zilihesabiwa kutoka jua lilipochomoza. Saa tatu ilikuwa saa ya tatu ya mchana wa kazi, na mtu yeyote mwenye macho aliweza kuikadiria.

Halafu ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na treni haiwezi kungoja baada ya alasiri. Ilitaka ratiba moja, imeandikwa. Ofisi, shule na mashamba ya walowezi yakafuata kengele na saa ya ukutani. Hata serikali ya kikoloni yenyewe ilihangaika na saa hiyo: kuna miaka Kenya iliitangulia Greenwich kwa saa mbili na nusu, na miaka mingine kwa saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili. Ofisini ikawa three o'clock. Sokoni ikabaki saa tisa. Tumeishi na saa mbili tangu wakati huo, na mara nyingi tunazichanganya bila shida. Shida huja tukiandika tarakimu peke yake.

Lakini reli haikumfikia fundi wa nguo. Huyu alikaa kwenye veranda ya duka la Mhindi, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Ulinunua kitambaa ndani, ukatoka nacho nje, ukapimwa mbele ya wapita njia. Vipimo viliandikwa kwenye daftari, na kipande cha kitambaa kikabanwa kwa pini kando ya jina lako. Ukaacha pesa ya uzi na zipu. Kisha ukapewa siku.

Nikiwa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa simu ya mama yangu. Jumanne nilitumwa kwa fundi. "Mwambie mamako kesho." Alhamisi nikatumwa tena. "Mwambie mamako kesho, imebaki vifungo tu." Nilipofikisha ujumbe, mama aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kesho gani?"

Tulimwona fundi kuwa mwongo. Leo ninamwona kama mtu aliyekuwa akipiga hesabu ngumu. Akimkataa mteja, mteja anaenda kwa jirani yake, hatua tano kwenye veranda hiyo hiyo. Akimkubali, hana hakika kama atarudi na pesa iliyobaki. Wako walioacha kitambaa mwezi wa kumi na mbili wakaonekana Pasaka. Kwa hivyo fundi alipokea nguo kumi kwa muda wa kushona sita, na hasa misimu ile mikali ya Idi, Krismasi na sare za Januari, akashona kwanza ya yule aliyekuja kusimama mbele yake. Kesho ilikuwa bima yake. Aliyeilipia ni mteja, kwa miguu ya mtoto.

Kulikuwa na njia nyingine ya kukwepa swali hili, nayo ni kutoweka miadi kabisa. Kinyozi hadi leo huishi hivyo: unaingia, unakaa kwenye benchi, unasoma gazeti la juzi, zamu yako inafika. Kenyatta Market, Nairobi, wasusi husimama nje wakikuita, na wawili au watatu hushika kichwa kimoja ili uondoke mapema. Benchi na foleni ni haki ya aina yake. Lakini mwenye kazi ndiye anayekaa siku nzima akingoja watu ambao huenda wasije.

Simu ya mezani haikubadilisha mengi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, laini hizo hazikufika hata nusu milioni nchi nzima, na kuipata moja kulitaka subira kuliko ya nguo ya Idi. Saluni za mjini zilikuwa na daftari la miadi kando ya simu, kwa wateja waliokuwa na simu nyumbani au kazini. Wengine wote waliamka mapema Jumamosi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2000, Safaricom na Kencell zilipoanza kuuza laini kwa watu wa kawaida. Kencell ilitoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde, na hilo la sekunde lilikuwa jambo kubwa kwa fundi, kwa sababu miadi ni sentensi fupi. "Nguo iko tayari." Sekunde nne, umekata. Na asiyekuwa na kredo alibipu. Na dada aliyenisuka nikiwa chuo tulipatana hivi: akinibipu mara moja, kiti kimebaki wazi, njoo, mara mbili, bado ana mtu. Hatukulipa hata senti. Kwa mara ya kwanza, nafasi ilipojitokeza ghafla, aliweza kuijaza kabla haijaharibika.

Simu, hata hivyo, ilirahisisha pia kuvunja ahadi. Ni vigumu kumtazama mtu usoni ukamwambia huji. Kutuma "pole imetokea dharura" ni rahisi mno.

Ndipo M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ikamrudishia fundi kitu cha zamani sana: arubuni, au dipoziti kama wengi tunavyosema. Zamani kuipeleka kulihitaji safari nzima. Sasa unatuma 500 usiku ukiwa kitandani, na nafasi ni yako. Usipokuja, zimeenda. Hilo la zimeenda si swali jipya. Katika fikihi ya Kishafii, iliyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, arubuni isiyorudishwa katika mauzo haikubaliki, Mahanbali huiruhusu. Wanazuoni walikuwa wakibishana kuhusu jambo lile lile tunalobishania leo kwenye simu: je, ni haki kula pesa ya mtu ambaye hakupata huduma? Na je, ni haki kumwacha mwenye kazi na kiti kitupu?

Binafsi naegemea upande wa kiti kitupu. Lakini naona pia anayeachwa nje: mama wa kibarua anayelipwa Jumamosi jioni hana 500 za kutuma Alhamisi. Na sijawahi kuona dipoziti inayosafiri upande wa pili. Fundi akikuharibia siku ya harusi, bado unapewa kesho.

Siku ile nilimuuliza msusi wangu siku moja kwake ni pesa ngapi. Akanitazama kwanza, kana kwamba nimemuuliza mzaha, kisha akataja. Nilituma nusu, maanake kosa lilikuwa la wawili, na tukaweka siku nyingine. Usiku huo akaniandikia: "Jumamosi saa 3 ASUBUHI, dada. Jua likiwa upande wa kioski."

Nilifika saa mbili na nusu. Alikuwa bado anafungua kufuli.