Torati Ilitangulia Injili: Kutoka Mvita hadi Korogwe

Huku kwetu Torati iliitangulia Injili. Mwaka 1844, mjini Mombasa, yaani Mvita, mmisionari Ludwig Krapf alianza kufasiri Maandiko kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi Ali bin Mohidin, na kitabu walichokishika kwanza ni Mwanzo. Sura tatu zilichapwa 1847. Mwaka uliofuata Krapf alipanda Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara.

Ufuatano huo unanigusa sana, maana ndio uliokuwa wa mitume. Wao hawakuwa na Agano Jipya la kusoma. Walikuwa Wayahudi wenye Torati, Manabii na Zaburi. Walisali hekaluni Yerusalemu, na Paulo, kwa desturi yake, alipoingia mji mgeni alianzia kwenye sinagogi siku ya Sabato.

Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipofika Magila, mwishoni mwa miaka ya 1860, kisha ikaenea Korogwe na Kideleko huko Handeni, ilikuja na desturi iliyo karibu na ile ya mitume: kusali kwa Zaburi. Mmisionari wake Edward Steere alitoa Mathayo huko Unguja 1869, na 1871 akatoa Zaburi, kabla Agano Jipya halijakamilika. Zaburi zilihitajika mapema kwa sababu ndizo sala zenyewe: kwa utaratibu wa Kianglikana husomwa asubuhi na jioni, na ndani ya siku 30 zote 150 zimekwisha. Mkulima wa Kizigua aliyehudhuria sala hizo alikuwa akiomba kwa maneno aliyoombea Yesu mwenyewe. Biblia nzima ilipatikana 1891.

Kuna ugomvi mmoja wa kale ambao hapa ulikosa nguvu. Yapata mwaka 49 mitume walikutana Yerusalemu kuamua kama mataifa wanaoamini watahiriwe. Wakakataa kuwatwika mzigo huo. Uzigua na Bonde, vijana walikuwa wakitahiriwa tangu enzi za mababu. Walichokishuku wamisionari ni ngoma na mafundisho ya jando. Mbale, Uganda, mambo yalikwenda kinyume kabisa: kiongozi Semei Kakungulu aliisoma Torati, akatahiriwa mwaka 1919, na jamii aliyoianzisha, Abayudaya, ni ya Kiyahudi hadi leo.

Mwaka 1903 Wasabato wa Kijerumani, Ehlers na Enns, walifungua kazi yao Giti, Upare, wakafundisha kuishika Sabato tangu jua la Ijumaa linapotua. Hesabu hiyo haikuwa ngeni pwani, ambako tangu zamani siku mpya huingia magharibi.

Waanglikana wa Korogwe wanasali Jumapili. Hata hivyo Pasaka yao bado inafuata mwezi mpevu, kwa kuwa Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi; ndiyo sababu kila mwaka inahama, kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili.