Majira ya Njaa Katika Uholanzi

Aghalabu tukitaja Ulaya huwaza utajiri, majumba ya ghorofa na maduka yaliyojaa bidhaa. Leo napenda kuwasimulieni habari za Waholanzi, taifa la wafanya biashara wakubwa, na jinsi walivyokula mizizi ya maua katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945.

Mwezi wa Septemba, 1944, majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalikuwa yamekwisha ingia kusini ya nchi hiyo. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa imehamia London, ikawaamuru watu wa reli waache kazi, ili Wajerumani wasipate kusafirisha askari wao. Watu 30,000 hivi wakatii. Ilidhaniwa kwamba vita itakwisha upesi. Lakini shambulio la Arnhem lilishindwa, na miji ya magharibi, yaani Amsterdam, Rotterdam na Den Haag, ikabaki mikononi mwa Wajerumani. Nao kwa kulipiza kisasi wakakataza chakula kisipelekwe huko. Mwezi wa Novemba waliruhusu kipelekwe kwa njia ya maji. Halafu baridi kali ikashuka, mifereji ikaganda. Makaa ya mawe nayo machimbo yake yalikuwa kusini, ng'ambo ya pili ya mapigano.

Mwisho wa Novemba posho ya mtu ilikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Mwisho wa Februari haikufika 600. Watu walipika viazi vya sukari, na mizizi ya tulipu, baada ya kuondoa kiini chake chenye sumu.

Umasikini huu ulikuwa wa namna ya peke yake, kwa maana fedha ilikuwapo. Karani aliweza kuwa na mshahara wake wote mfukoni, asipate cha kununua illa kwa bei ya magendo. Wakulima wengi walitaka shuka, viatu au pete ya dhahabu. Basi wanawake walisafiri maili nyingi kwa baiskeli zisizo na mipira, wakibadilisha vyombo vya arusi zao kwa kikapu cha viazi. Je, yule asiyekuwa na shuka wala pete? Wasemao kwamba njaa huwafanya watu wote kuwa sawa hawakuiona njaa hii.

Kuni zilipokosekana, miti ya barabarani ilikatwa, na Amsterdam watu waling'oa hata vibao vilivyokuwa kati ya reli za tramu. Majeneza pia yalikuwa haba. Kanisa la Zuiderkerk likageuzwa kuwa mahali pa kuweka maiti.

Mwisho wa Januari, 1945, meli za Swideni zilileta unga. Tarehe 29 Aprili eropleni za Kiingereza, zile zile zilizokuwa zikichukua mabomu, zikaruka chini chini kwa mapatano na Wajerumani, zikidondosha magunia ya chakula. Tarehe 5 Mei Wajerumani waliokuwa huko wakasalimu amri. Watu wapatao 20,000 walikuwa wamekufa, wengi wao wazee wanaume.

Waganga waliwafuata kwa miaka mingi wale waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati huo. Waliotungwa mimba katikati ya njaa walionekana, walipofikia utu uzima, kupatwa na maradhi ya moyo kuliko watu waliozaliwa kabla yake.