Ngitili za Shinyanga na Maana ya Kujitolea

Neno "kujitolea" lina historia chafu kidogo katika nchi yetu, na wengi wanaoliandika leo katika taarifa za halmashauri hawaikumbuki historia hiyo. Babu zetu waliamriwa kuchimba matuta kwa maelezo kwamba ni kwa faida yao wenyewe. Baba zetu walihimizwa kujitolea katika kazi ambazo asiyefika alitozwa faini. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mtu asiye na kitambulisho cha kazi akawa halali ya kukamatwa mjini na kurudishwa shamba. Haishangazi basi kwamba ofisa anapotangaza kuwa Jumamosi wananchi watajitolea kupanda miti, wananchi wanafika, wanapanda, wanapigwa picha, na miche inakufa kabla ya masika mengine.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaodai kwamba mwananchi wa kawaida hana utamaduni wa kutunza mazingira pasipo kusukumwa. Historia ya Usukuma inawakanusha, na inafaa isomwe kwa utulivu, hasa na wale ambao kesho watakuwa maofisa misitu na watendaji wa vijiji.

Mvua ya Shinyanga ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, na haina adabu: inaweza kunyesha yote katika wiki chache kisha ikakatika. Mfugaji wa mahali hapo hawezi kuishi bila akiba ya malisho. Wasukuma walibuni ngitili. Mvua zinapoanza, eneo fulani hufungwa, mifugo isiingie. Nyasi hukua, migunga hujiotea yenyewe, na kiangazi kinapokaza eneo hilo hufunguliwa kwa utaratibu, sehemu baada ya sehemu. Ngitili nyingine zilikuwa za familia, nyingine za jamii nzima. Hapakuwa na uzio wa waya wala mlinzi wa mshahara. Ulinzi ulikuwa ule wa jirani kumwona jirani, na nyuma ya jirani kulikuwa na dagashida, yaani mkutano wa jamii unaoweka kanuni na kuamua adhabu.

Mandhari hiyo iliharibiwa kwa hatua, na karibu kila hatua ilikuwa na hoja nzuri nyuma yake. Wakoloni walifyeka mapori makubwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikapanuliwa, na pamba hula ardhi. Mifugo iliongezeka. Kisha mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaja na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ambao makao yake yalikuwa Malya, ukiwa na kanuni nyingi za kuokoa ardhi ileile: matuta ya lazima, samadi ya lazima, upunguzaji wa mifugo. Waliopewa kazi ya kuzisimamia walikuwa watemi. Kwa hiyo hifadhi ya ardhi ikawa faini inayotozwa na mtemi kwa niaba ya bwana shamba Mzungu. TANU, iliyopigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, ilipata wafuasi wengi Usukuma kwa sababu ya chuki dhidi ya kanuni hizo.

Mambo yalikuwa hivyohivyo kwingine. Katika milima ya Uluguru mpango wa matuta ya ngazi uliishia katika ghasia za Matombo mwaka 1955, ambapo mtu mmoja alipigwa risasi na polisi akafa. Mabwana shamba wa wakati ule hawakuwa wajinga kuhusu udongo. Mmomonyoko waliouona ulikuwepo kweli. Walichokosea ni siasa. Walidhani ujuzi wa kitaalamu unatosha kuwa mamlaka.

Baada ya uhuru, mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963. Wengi tulishangilia, na mimi ningeshangilia pia kama ningekuwapo. Lakini pengo liliachwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga, familia zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa katika vijiji, na ngitili zao zikabaki nyuma, mbali, bila macho ya kuzitazama. Ardhi ikawa ya wote, na kwa lugha ya mchungaji mwenye ng'ombe wenye njaa hiyo ilimaanisha kwamba si ya yeyote. Kufikia mwaka 1986 ngitili zilizoweza kuorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600 tu, katika mkoa ambao wakati huo ulijumuisha pia Maswa, Meatu na Bariadi ambazo leo ni sehemu ya Simiyu.

Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga mwaka 1984, akasikitishwa na hali aliyoiona. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa ushirikiano wa watafiti wa ICRAF. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho miradi hufanya: vitalu vya serikali, miche ya miti ya kigeni, mafunzo. Wananchi hawakuvutiwa sana. Maofisa walipokaa na kuwauliza wazee ni miti gani wanaitaka na wanaitaka wapi, jibu lilirudi kwenye jambo ambalo halikuhitaji kitalu. Wanataka ngitili. Fungeni eneo, mizizi iliyomo ardhini itachipua yenyewe.

Hapa sifa inawastahili maofisa wa HASHI, kwa sababu si jambo dogo kwa mtaalamu kukubali kwamba chombo bora anacho mzee asiye na cheti. Mradi uligeuza mwelekeo. Ulipofika ukingoni mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerejea katika vijiji zaidi ya 800. Makadirio ya eneo lake yanatofautiana, kati ya hekta 300,000 na 500,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN ulikadiria kwamba faida za ngitili, kuanzia kuni na malisho hadi dawa, asali na nyasi za kuezekea, zilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Kwa kijiji cha wakati huo hiyo haikuwa pesa ya chumvi.

Swali la mwanahistoria ni hili: nani alilinda hekta zote hizo? Mradi haukuwa na askari wa kutosha hata kwa wilaya moja. Walilinda wanakijiji wenyewe, bila posho, wakitumia dagashida kuweka kanuni na sungusungu kuzitekeleza. Sungusungu walikuwa wamezuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wakatambuliwa kisheria mwaka 1989. Kutoka kulinda mifugo hadi kulinda malisho ya mifugo ni hatua fupi. Aliyeingiza ng'ombe katika ngitili iliyofungwa alilipishwa mchenya, na kilicholipwa kilibaki kijijini.

Kwa maoni yangu kiini cha jambo zima ni hapo. Walinzi wale walijitolea muda wao, lakini hawakuyatoa mamlaka yao. Waliokesha wakilinda ndio walioamua siku ya kufunga na siku ya kufungua, kiasi cha adhabu, na nani apewe msamaha. Tunayoyaita makundi ya kujitolea katika miradi mingi ya leo yamegeuzwa kinyume: mwananchi anatoa nguvu, ofisi inabaki na uamuzi. Duru-Haitemba kule Babati ilithibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Serikali ilipotaka kuufanya ule msitu hifadhi yake, watu waliuvamia wakavuna walichoweza kabla haujachukuliwa. Vijiji viliporudishiwa msitu katikati ya miaka ya 1990 na kutunga sheria ndogo zake, vilipeleka walinzi wao, na uvunaji holela ukapungua. Msitu na wakazi walikuwa walewale.

Nisieleweke kama nasifu kila kitu cha kimila. Sungusungu waliwahi kupiga na kufukuza watu, wakiwamo vikongwe walioshukiwa uchawi, na mwanasheria yeyote atakuwa na haki ya kuwaogopa. Ngitili nazo zina matabaka. Mwenye ng'ombe 200 ananufaika na malisho yaliyofungwa kuliko asiye na mbuzi, na pale ngitili za jamii zinapomegwa kuwa za watu binafsi, maskini anabaki akinunua kuni alizokuwa akiziokota. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinatoa njia ya kijiji kusajili msitu wake, lakini kazi hiyo inahitaji ramani, vikao na fedha, na ngitili nyingi zimebaki zikitegemea kumbukumbu za wazee, ambao nao hawaishi milele.

Kisha kuna wanawake. Dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume. Anayeingia ngitili kila siku kutafuta kuni, uyoga na mboga za porini ni mwanamke, na anapokutwa wakati pamefungwa ni yeye anayetozwa, kwa kanuni ambayo hakuulizwa. Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa sheria ya 1999, lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Vyombo hivi viwili vinakaa katika kijiji kimoja, pengine chini ya mti uleule, kimoja kikiwa na sheria mkononi na kingine kikiwa na utii wa watu. Ofisa anayepangiwa wilaya za Shinyanga au Simiyu atavikuta vyote viwili, na hatapata mwongozo wa wizara unaomwambia jinsi ya kuvikalisha pamoja.